Mizinga ya alfajiri ile ilikuwa ya Cambrian

Mhariri,

Makala yenu kuhusu maasi ya askari wa Tanganyika Rifles ya Januari 1964 niliisoma mara mbili, maana mimi ni mtoto wa Kawe, na kambi ya Colito, Lugalo ya leo, tulikuwa tukiipita kila siku tukienda shule. Mmeieleza vizuri Centaur, manowari ya Uingereza ya kubebea ndege, na helikopta zilizowashusha makomandoo kwenye uwanja wa mpira jirani na kambi. Ila mizinga mmeitaja kwa mstari mmoja tu, tena mkaipa Centaur. Haikuwa yake. Ilikuwa ya Cambrian, destroya (manowari ndogo ya kasi) iliyofuatana nayo. Naomba nafasi niisemee, ingawa najua watakaouliza manowari ya mkoloni wa jana imepataje wakili Kawe.

Marehemu mama yangu alikuwa na miaka kumi na mmoja. Jumamosi hiyo, tarehe 25, ilikuwa ndani ya Ramadhani. Daku ilishaliwa, vyombo bado havijaoshwa. Ukaja mshindo kutoka baharini, ukafuata mwingine, sufuria zikaanza kugongana zenyewe juu ya kichanja. Bibi yake, aliyekulia Unguja, akaweka tasbihi chini: "Huu mzinga wa futari, mbona wanaupiga asubuhi? Leo tumehurumiwa." Mama alikuwa akifika hapo anacheka peke yake kabla hajamalizia kwamba walikaa chini ya kitanda mpaka adhuhuri, na bibi mwenyewe ndiye aliyetangulia kuingia.

Makombora yale yalikuwa yakilipukia hewani. Kazi yake ilikuwa kelele: askari walioasi wageuze macho upande wa bahari huku helikopta zikiingia. Mwalimu alikuwa ameshaomba msaada wa Waingereza, na yaliyofuata mmeyaandika, hadi kuzaliwa kwa jeshi jipya, JWTZ, Septemba 1 mwaka huohuo. Sina la kuongeza hapo.

Ninalo kuhusu meli. Cambrian ilishushwa majini Greenock, Scotland, Desemba 1943, ikaanza kazi 1944 vita vikiwa bado vinawaka. Ilikuwa moja ya ndugu wanane, wote majina yao yakianza na "Ca", waliojengwa harakaharaka kwa ajili ya kulinda misafara na kuwinda nyambizi, si kwa ajili ya kuzeeka. Ilipotia nanga mbele ya Dar es Salaam ilikuwa na miaka ishirini, imeshafumuliwa na kuundwa upya, mizinga minne ya awali imebaki mitatu. Mwaka 1971 ilikokotwa hadi Briton Ferry, Wales, ikakatwakatwa kuwa chuma chakavu. Hakuna kilichobaki cha kwenda kukiangalia.

Ndugu yake mmoja, lakini, yupo. Anaitwa Cavalier, naye amelazwa kwenye chelezo cha zamani huko Chatham, mwendo wa dakika kumi kwa basi kutoka ninapoishi. Nimeshamtembelea mara nne. Mara ya kwanza nilijigonga kichwa kwenye mlango wa chuma hata sijamaliza ngazi. Meli ina urefu wa mita 110, yaani inazidi uwanja wa mpira, lakini upana haufiki mita 11, na kwenye upana huo, kati ya injini, makombora na mafuta, walibanwa watu karibu mia na tisini. Mzee wa kujitolea anayetembeza wageni, mwenyewe baharia wa destroya miaka ya sitini, alinionyesha ndoano za machela darini. Nilizipima kwa mkono. Kutoka ndoano hadi ndoano ni kama dhiraa moja na kitu. Huo ndio uliokuwa upana wa mtu, na chini ya machela ndipo palipokuwa na meza ya kulia, kwa hiyo unayelala anasikia harufu ya chakula cha anayekula, na anayekula anaona soksi za anayelala. Nilimuuliza walivumiliaje. Akasema kila mchana kulikuwa na kipimo cha ramu, wakakifuta mwishoni mwa Julai 1970, na kwamba yeye binafsi mpaka leo hajasamehe.

Cavalier alishindanishwa mbio na Rapid, manowari nyingine ya Uingereza, mwaka 1971, maili 64 za baharini kwa muda wa saa mbili, akashinda kwa mita thelathini hivi, kwa wastani wa maili 31.8 za baharini kwa saa, karibu kilomita 59. Meli ya miaka ishirini na saba! Sifa wakapewa maofisa, lakini mimi niliposhuka kwenye chumba cha boila nikasimama mbele ya milango ile ya moto, nilijua nani alishinda. Kando ya chelezo kuna mnara wa shaba wa destroya 142 za Uingereza zilizozama vitani pamoja na mabaharia zaidi ya 11,000.

Basi ombi langu, mbali na masahihisho, ni hili. Wenzetu wamehifadhi hata ndoano za machela. Sisi tuliokuwa upande wa pili wa mizinga, tuliotikisiwa sufuria, habari zetu ziko vichwani mwa wazee wa Kawe, Mbezi na Kunduchi, na kila mwaka tunazika kadhaa. Tumeni mwandishi mmoja na kinasa sauti, kwa wiki moja tu. Asiulize siasa kwanza. Aulize ulikuwa wapi, ulisikia nini, nani alikimbilia wapi. Mama yangu aliondoka bila kuulizwa na yeyote. Mdogo wake yupo Kunduchi, alikuwa na miaka saba siku ile, sasa anasikia kwa sikio la kushoto tu, na asubuhi ndiyo saa yake nzuri. Nitamwarifu mapema mkinijibu.

Mzaliwa wa Kawe,
Gillingham, Uingereza