"Mungu hakupi mzigo usiouweza": tuache kuwaambia hivyo waliolemewa

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tulizungumzie neno moja linalosemwa misibani, wodini na madhabahuni, mara nyingi kwa nia njema kabisa: "Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba." Kazi yetu ni ushauri wa kichungaji, na neno hili huwa tunakutana nalo baada ya kufanya madhara. Aliyeambiwa hivyo huenda zake akiamini kwamba, kama ameshindwa, basi imani yake ndiyo pungufu. Hunyamaza, na mzigo ukazidi kumwelemea.

Neno hilo halimo katika Biblia. Mstari unaosingiziwa ni 1 Wakorintho 10:13, na huo unahusu majaribu ya kuvutwa katika dhambi. Mistari iliyoutangulia inataja ibada ya sanamu, uasherati na manung'uniko. Kuhusu uzito wa maisha, Paulo huyo huyo anaandika vingine katika 2 Wakorintho 1:8: yeye na wenzake walilemewa kupita nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Musa naye alimwambia Mungu waziwazi kwamba wale watu ni mzigo uliomshinda, na kwamba heri afe kuliko kuendelea hivyo (Hesabu 11:14-15). Mungu hakumwambia kwamba anauweza. Alimwagiza akusanye wazee 70 wauchukue pamoja naye. Ipo mizigo inayomzidi mtu, basi, na anayesema "huu umenishinda" hajakufuru. Amesema kweli, na kumtegemea Mungu huanzia hapo.

Zaburi 55:22 inasema, "Umtwike BWANA mzigo wako naye atakutegemeza." Kutwika ni kazi ya mikono. Petro anapolirudia wazo hilo katika waraka wake wa kwanza, 5:7, anatumia kitenzi cha Kigiriki ambacho katika Agano Jipya kinapatikana tena mahali pamoja tu, Luka 19:35, pale wanafunzi wanapoweka mavazi yao juu ya mwanapunda. Vazi haliendi lenyewe mgongoni mwa mnyama, ni lazima mtu alivue kwanza. Wengi waliolemewa huomba kwa miezi bila kuvua chochote, kwa sababu hawajui hasa wamebeba nini. "Bwana, naomba unitue mzigo" ni ombi zuri, lakini anayeliomba huinuka akiwa na furushi lile lile, halijafunguliwa.

Kwa hiyo tunashauri kuanza na karatasi na dakika 20. Kila kinacholemea kiandikwe mstari wake, kwa jina lake. "Maisha magumu" haitoshi. "Kodi ya miezi miwili", "majibu ya kipimo cha Alhamisi", "mama hanitambui tena": hayo yana umbo, yanaweza kushikwa. Kisha kila mstari upewe alama moja kati ya tatu. L ni langu, ninaloweza kulifanya leo au kesho. W ni la watu, linalohitaji mkono wa pili. M ni la Mungu, lisilo mikononi mwa mwanadamu yeyote. Mgawanyo huu tumeutoa katika Wagalatia 6, ambako mstari wa 2 unaagiza watu wachukuliane mizigo, na mstari wa 5 unasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Wengine huona mistari hiyo inapingana. Haipingani: Kigiriki kina maneno mawili tofauti hapo, moja la uzito unaogandamiza, jingine la mzigo wa kawaida wa msafiri.

Makosa ya kuweka alama ni mawili, na yote yanatokana na hofu. Wapo wanaoandika M kila mahali, hata penye mdai anayesubiri kupigiwa simu; hao wanaita imani kile ambacho ni kukwepa. Ndugu zetu Waislamu wana mafundisho mazuri juu ya tawakali: mfunge ngamia kwanza, kisha umtegemee Mungu. Wapo pia wanaoandika L kila mahali, pamoja na kifo cha mtu na moyo wa mtoto aliyeasi. Hao ndio huvunjika wakiwa bado wanaonekana hodari.

Yenye alama M ndiyo ya kupelekwa katika maombi, na hapa watu wengi huharakisha. Chukua Zaburi 13, ina mistari sita tu. Mistari miwili ya kwanza ni malalamiko, na "hata lini" inarudiwa mara nne. Miwili inayofuata ni ombi. Miwili ya mwisho ndiyo ya tumaini. Mtu aliyefundishwa kwamba kulalamika ni dhambi huruka moja kwa moja hadi wa tano, akatangaza ushindi ambao moyo wake haujaufikia, kisha akashangaa kwa nini usiku hapati usingizi. Aseme kwanza kinachouma, kwa sauti, kwa maneno yake. Aombe jambo moja mahsusi. Kisha ataje kitu kimoja cha kweli anachokijua kuhusu Mungu, hata kiwe kidogo. Na kama siku hiyo hakuna tumaini la kutaja, Zaburi 88 inaishia gizani na bado ni sala.

Mzigo ukirudi kesho asubuhi si dalili kwamba maombi hayakupokelewa. Pale Gethsemane Yesu aliomba mara tatu kwa maneno yale yale (Mathayo 26:44). Paulo aliomba mara tatu mwiba wake, yaani mateso yaliyomsumbua mwilini, uondolewe, haukuondolewa. Alipewa neema ya kuishi nao. Tunawashauri watu waweke saa moja maalumu ya kila siku kuitwaa ile karatasi na kumkabidhi Mungu upya, dakika kumi zinatosha, na wasiwasi ukija nje ya saa hiyo waseme, "Hili lina saa yake."

Mwili nao usisahauliwe. Nabii Eliya alipoomba kufa chini ya mti wa mretemu, malaika hakuanza na mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akampa chakula mara ya pili (1 Wafalme 19). Ndiyo maana tunasikitika tunapoona mtu ambaye hajalala siku nne anaagizwa mfungo na mkesha. Mfungo humwongezea udhoofu, na ukosefu wa usingizi huzidisha hofu. Huzuni nzito au kupoteza hamu ya kila kitu kukidumu wiki mbili, mtu aende kwa daktari. Akitaja kutaka kufa, asiachwe peke yake hata saa moja, dawa na vitu vya hatari viondolewe karibu naye, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na asiambiwe aache dawa alizoandikiwa. Anayedai sadaka ili amtue mtu mzigo, huyo anamwongezea.

Inabaki ile mistari yenye alama W, na hiyo inatuhusu tusiolemewa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kweli tunauona mwepesi mpaka tuushike. Marafiki wa Ayubu walifanya vema siku saba za kwanza, walipokaa naye chini bila kusema neno. Waliharibu walipoanza kumtafutia dhambi iliyosababisha. Usiulize "umekosea wapi?" Usimwambie "ukihitaji chochote nipigie", maana umempa kazi mpya ya kufikiri akuombe nini. Chagua jambo moja kutoka kwenye karatasi yake, taja siku, ulifanye. Watu wawili au watatu wanaojua habari yote wanatosha. Yesu mwenyewe aliwachukua watatu, akawaomba wakeshe naye. Na siri yake isigeuzwe ombi la kutangazwa mbele ya kusanyiko bila idhini yake. Huo ni umbea, hata ukiisha kwa amina.

Wahubiri na wote wanaokwenda kutoa pole, tunawaomba lile neno la mwanzo mliache. Badala yake semeni: "Huu ni mzito kweli. Tuuombee sasa hivi. Na kesho, nije saa ngapi?"

Ni sisi,
Washauri wa kichungaji