Zuhura mwanangu, mkanda uko wapi?

Zuhura mwanangu,

Leo nimefungua kabati natafuta shuka la mgeni, mkanda haupo. Nimetoa mashuka yote, nimetoa na yale mapazia ya Idi, nimemuuliza Rajabu akasema mama kwani mie navaa mkanda wa kiuno? Sasa nakuuliza wewe. Umeuchukua? Maana jana usiku kwenye simu ile sauti niliijua, ile ya "niko poa mama" huku umebana meno, na nilipokuuliza kiuno vipi ukanambia mtandao unakatakata. Mtandao ulikuwa haukatiki Zuhura. Nilikuwa nasikia mpaka feni ya huyo rafiki yako.

Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Rajabu kanikuzia maandishi, kwa hiyo ukiona makosa ni kidole sio akili.

Kimeanza tena, si ndio? Kama kimeanza sema. Hakuna atakayekugombeza, labda mie kidogo. Jumatatu unapanda basi la Songea hapo Dar, zaidi ya kilomita 900 umekaa kwenye kiti, kazi mpya, watu wapya, na mie niko huku Tanga sijui kama umeanza tena kutembea umeshika kuta. Hapo ndo roho yangu haitulii. Kazi sina wasiwasi nayo, kazi unaijua, barua yako ya ajira nimeisomea watu wote wa barabara yetu hadi muuza kahawa anaijua tarehe ya kuripoti.

Nikwambie kitu hukijui. Toka uondoke, kila usiku namwambia Rajabu anisomee kwenye simu yale mambo yenu ya maumivu na ubongo, yeye anatafsiri mie nachambua mchele. Akanisomea ule utafiti wa Marekani, wa kule Boulder, Colorado, uliotoka 2021. Watu 151 wenye maumivu ya mgongo, kwa wastani wameumwa miaka kumi, wakagawanywa mafungu matatu. Fungu moja wakafundishwa kwa wiki nne, kikao kimoja na daktari na vinane na mtaalamu wa saikolojia, kwamba mgongo hauna kidonda, ni ubongo umezoea kupiga kelele za hatari. Fungu la pili wakachomwa sindano ya maji ya chumvi na wakaambiwa kabisa humu hamna dawa. La tatu wakaendelea na matibabu yao ya siku zote. Katika kila 100 waliofundishwa, 66 maumivu yaliisha au yakabaki kidogo tu. Wa sindano 20. Wale wa tatu 10. Na mwaka mmoja baadaye wengi bado walikuwa wazima. Rajabu akafurahi, ona mama, si dada alisema! Mie nikachukua ungo wangu nikaenda kulala. Nilikuwa nimeshawahesabu wale 34. Usiku kucha nawahesabu wale 34, mwanangu yumo au hayumo. Sikukwambia, ila ndo hivyo.

Kwa hiyo mkanda uko wapi.

Alafu kuna lile la picha za MRI, zile za kuona ndani ya mgongo, hilo ndo lilinikalisha chini. Mwaka 2015 kuna watafiti walikusanya vipimo vya watu zaidi ya 3,000 ambao hawaumwi mgongo hata kidogo. Wa miaka thelathini kama wewe, 40 kati ya 100 diski zao, vile vimto vya katikati ya pingili za mgongo, zimevimba kama hiyo yako, na hawana habari. Wa miaka sitini, 69. Mie nina sitini na mbili! Kwa hiyo yawezekana mgongo wangu ukipigwa picha ni mbovu kuliko wako, na jana nimebeba gunia la mkaa toka barabarani mpaka jikoni na mpunga nimetwanga. Sasa yule daktari, simtaji Mungu amsamehe, aliyeiinua ile picha dirishani akasema huu mgongo wa bibi kizee usiiname usibebe kitu, yeye alikwambia mara moja tu. Mimi nimekwambia kila siku miaka miwili. Zuhura usiiname, Zuhura acha ndoo, Zuhura mwite Rajabu akuokotee. Kiatu kikianguka mie nishafika kabla yako. Na mkanda ni mie niliununua, walitaka elfu arobaini na tano nikabembeleza mpaka thelathini na nane, nikarudi nao nyumbani najiona mama wa maana. Basi. Tuendelee.

Huku kuna jambo linanichekesha na linaniudhi. Wiki mbili zilizopita waliiba pampu kwenye lile ghala la nyuma, na tangu siku hiyo mlinzi hana usingizi na sisi hatuna. Embe likidondoka kwenye bati, filimbi. Paka akipita ukutani, filimbi. Juzi alfajiri kampulizia filimbi muadhini anaenda zake msikitini. Mwizi hayupo jamani, ameshaenda na pampu yake, lakini filimbi ni filimbi ya kweli, inaamsha mtaa mzima na watoto wanalia. Huwezi kumwambia mtu hiyo filimbi unaiota. Na siku za mwanzo wanaume walikuwa wanatoka na mapanga kila akipuliza, basi ndo akazidi kuamini wezi wamemzunguka. Sasa hivi anapuliza, watu wanageuka upande wa pili, mmoja anampigia kelele "ni embe, kalale!" Naona amepunguza, ingawa jana amepuliza sana kuliko siku zote, sijui alikuwa anajaribu kama bado tunamsikia. Nilikuwa nimelala nikasema kumbe ndo hiki Zuhura anachoniambia siku zote mie namwitikia tu eehe eehe. Ule mkanda ndo panga lenyewe. Ukiuvaa unauambia mwili mwizi kweli yupo.

Shangazi yako nilipomweleza haya, we unamjua, akasema "kumbe yalikuwa mawazo tu, alikuwa anajifanya." Wallahi nilimjibu vibaya, mpaka leo hajaja kuchukua bakuli lake. Nikamwambia wewe ukisikia msiba tumbo likikukata unajifanya? Ukitukanwa uso ukaiva mwekundu unajifanya? Maumivu ni maumivu, yanatoka huko huko yanakotoka ya aliyevunjika mguu. Nilimwambia yote hayo huku najua kwamba ule mwaka wa kwanza, kabla ya vipimo, kuna siku na mie nilisema neno hilo hilo jikoni na mlango ulikuwa wazi. Sijui kama ulisikia. Hukuwahi kusema.

Lakini sasa na wewe usinipeleke upande wa pili ukajifanya mwanasaikolojia wa kila kitu. Sikiliza vizuri hapa. Mguu ukilegea ghafla, mkojo au haja kubwa ikakushinda, ukipata ganzi pale pa kukalia, homa na maumivu kwa pamoja, au ukikonda bila sababu, hapo usikae kufumba macho kuhesabu pumzi, hospitali siku hiyo hiyo, usiku usiku, ukodi hata bajaji. Hilo nimemuuliza mwenyewe yule dada wa fizio, anayekufanyisha mazoezi ya viungo, nilimpigia bila kukwambia, samahani. Akanambia vipimo vyako havina hata moja kati ya hayo ila ni vizuri kuyajua. Nikamuuliza na mkanda. Akacheka, akasema mama hata Shirika la Afya Duniani, mwongozo wao wa maumivu sugu ya mgongo wa Desemba 2023 hawashauri mikanda, wanashauri mazoezi, elimu na msaada wa kisaikolojia. Nikajisikia vibaya kwa ile thelathini na nane elfu yangu.

Akanambia pia, na hili naomba ulisome mara mbili, kwamba kurudi nyuma kupo na kwamba mara nyingi kunakuja wakati kuna jambo. Safari, barua, ugomvi, hata harusi. Nikakaa nikafikiri. Hii ya sasa imekuja wiki gani? Wiki ya barua ya Songea. Ile ya Machi, ulikuwa na ule ukaguzi kazini. Na ya kwanza kabisa, mwaka juzi, nimejaribu kukumbuka ulikuwa mwezi gani, ukawa ule mwezi ambao mie nilikuwa nakupigia kila siku asubuhi na jioni kuhusu bati za nyumba hii, na mkopo, na mtoto wa fulani kamjengea mama yake. Sisemi bati ndo zilikuumiza kiuno. Nasema tu nimeukumbuka mwezi.

Ile ya kukaa na kuyasikiliza maumivu, yamekaa wapi, yanavuta au yanaunguza, yanapanda au yanashuka, bila kuyakimbia, bado unafanya? Fanya kwenye basi. Mie nilijaribu kwa goti langu nikapitiwa na usingizi nikaunguza maharage. Lakini wewe unaweza, nilikuona. Siku ile ulipokaa kwenye mbuzi ukakuna nazi mbili za wali, mie ulidhani niko uani. Nilikuwa nyuma ya mlango nimeshika komeo. Ulikaa umepanua magoti, kile kifuu unakizungusha polepole, machicha yanaanguka kwenye sinia, ukasimama kidogo ukaweka mkono kiunoni, nikasema sasa hivi nakimbia namtoa. Nikabana midomo. Ukavuta pumzi, ukaongea peke yako sikusikia unasema nini, ukaendelea. Nazi ya pili uliikuna mpaka ikabaki kifuu kitupu, safi, kama cha mama yangu. Nikaenda chooni nikalia, nikarudi nikakwambia wali umezidi chumvi. Haukuwa umezidi.

Mtu aliyekuna zile nazi anabebaje mkanda kwenda nao Songea.

Usitafute magonjwa Google usiku. Hilo nalirudia kwa sababu Rajabu kanionyesha ulikuwa mtandaoni saa nane. Saa nane za usiku hakuna anayepona, unasoma tu magonjwa ya watu. Basi likisimama Mikumi shuka, hata kama hutaki chochote, nyoosha miguu, Iringa shuka tena, Makambako tena. Usikae kama sanamu kwa kuogopa. Na usinunue yale mayai ya dirishani. Sweta mbili nimempa yule jirani anakuja Dar kesho, atakupigia, chukua na machungwa ya Muheza, usigawe yote kwa huyo rafiki yako mwenye feni. Ukifika usianze kuhamisha makabati siku ya kwanza kuonyesha umepona, hiyo nayo tunaijua, unafanya ya siku tatu kwa siku moja kisha unalala wiki. Kidogo kidogo, kila siku, hata siku unayojisikia mzima sana.

Na ukiamka vibaya Songea, usiniambie "mama nimerudi nilikoanza." Mwaka juzi ulikuwa huwezi kuvaa soksi. Leo unagombana na mimi kuhusu mtandao.

Nimefikiria nikwambie mkanda umpe kondakta wa basi la Tanga niupokee stendi ya Kange. Rajabu kasema mama utamtia aibu, mwache. Basi tufanye hivi. Kama umeuchukua, na kama huwezi kabisa kuuacha, nenda nao. Lakini uweke chini kabisa ya begi, chini ya masweta, chini ya vyombo, mpaka siku ukiutaka ulazimike kufungua begi lote na kutoa kila kitu kwanza. Huenda ukiwa katikati ya kutoa masweta utakumbuka embe.

Kuku wa madoa ametotoa saba, mwewe kachukua mmoja. Mpangaji wa chumba cha mbele kalipa miezi miwili kati ya mitatu, na huo wa tatu ana maneno. Bombani maji yanatoka usiku tu. Hela uliyotuma wiki iliyopita nimeiona, sikuitumia, iko kwenye simu, nitakurudishia ukalipie chumba. Bati nimeshaezeka upande wa jikoni, zilizobaki nne fundi kasema zinavumilia mpaka mwakani, nimeweka ndoo pale panapovuja na wala sio usumbufu, nafulia. Kwa hiyo usitume tena, na usiniulize nilipata wapi.

Luku imebaki yuniti mbili na Rajabu anachaji simu yake, naona atanizimia kabla sijamaliza. Mgeni amelalia kanga zangu, shuka sijaliona mpaka sasa. Nijibu kuhusu mkanda.

Mama'ko