Kitako cha mbao kwa darubini yako

Nairobi,
Februari

Swahiba wangu,

Salamu sana, na unisalimie Mama na wote hapo nyumbani Mombasa. Sisi huku hatujambo. Joto limetukalia mchana, lakini usiku mbingu ni safi, na kwangu hilo linafidia mengi.

Umeniuliza ununue stendi gani. Nakuomba usinunue yoyote. Darubini aliyokuachia mjomba ni nzuri kweli: kioo cha milimita 150 chenye umbali wa fokasi (kutoka kioo hadi pale mwanga unapokutana) wa milimita 1200 kitakuonyesha pete za sayari ya Zohali na ile miezi minne mikubwa ya Mshtarii bila taabu. Kinachokutesa ni ile miguu myembamba ya alumini. Ukitia lenzi ya kutazamia ya milimita 10, unakuza mara 120, na kila mtikisiko nao unakuzwa mara 120. Ndiyo maana ukigusa tu kifundo cha fokasi, sayari inacheza kisha inakupotea. Tengeneza kitako cha mbao. Changu kiko hapa juu ya paa la ploti, pale tunapoanika nguo, na nakwambia kwa moyo wote kwamba kwa bei ya kawaida hutapata dukani kitu kitakachoituliza darubini hiyo kama sanduku la plaiwudi.

Sanduku lenyewe ni la namna aliyoieneza John Dobson. Alizaliwa Beijing mwaka 1915, akaishi miaka mingi San Francisco akiwa mtawa wa Vedanta, tawi la falsafa ya Kihindu. Vioo vyake alivisaga mwenyewe kutoka kwenye vioo vinene vya madirisha ya meli, akavitia ndani ya mabomba ya karatasi ngumu, na mwaka 1968 yeye na wenzake wakaanza kuwawekea wapita njia darubini kando ya barabara wachungulie bure. Alifariki mwaka 2014. Namheshimu sana mtu huyu, kwa kuwa kazi yake aliiacha wazi, hata fundi wa jua kali anaweza kuifuata kwa msumeno na bisibisi.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndipo penye uzito. Ile stendi ya bei kubwa uliyoiona, yenye mhimili unaofuata mzunguko wa dunia, lazima mhimili wake uinuliwe kwa nyuzi zilezile za latitudo ya mahali ulipo. London ni kama nyuzi 51, mhimili unasimama vyema. Hapa Nairobi ni nyuzi 1 na kidogo kusini, na nyinyi Mombasa ni 4. Kwetu mhimili unalala kabisa, na stendi nyingi hazikuundwa zishuke hivyo. Hata zikishuka, uzito wa kusawazisha unagonga miguu. Mtu wa ikweta akitumia fedha zake huko anajinunulia shida.

Sanduku, kwa upande wake, limetufaa sisi kuliko hao wa kaskazini. Lina miendo miwili tu: kuinua na kushusha, na kuzungusha kulia na kushoto. Huko kwao nyota hupanda kwa mshazari, kwa hiyo mkono unasukuma miendo yote miwili kwa pamoja. Kwetu nyota inayochomoza mashariki kabisa hupanda wima, moja kwa moja hadi utosini. Elekeza darubini mashariki kwenye zile nyota tatu za mshipi wa Orion, lile kundi la nyota, na kwa saa nyingi kazi yako itakuwa moja: kuinua kidogo, kutazama, kuinua tena. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, na kwa lenzi ile ya milimita 10 nyota inakatiza duara la kutazamia kwa dakika moja na nusu hivi. Ukiweza kuinua bomba kwa unywele mmoja bila kushtuka, umeshinda.

Kwa hiyo, sahibu, nguvu zako zote zitie kwenye masikio. Ndivyo ninavyoyaita yale magurudumu mawili ya ubavuni ambayo bomba linaning'inia kwayo. Yafanye makubwa, sikio dogo huenda kwa kurukaruka. Mimi nilikata pete kutoka kwenye bomba la PVC la maji taka la milimita 160, nikazivalisha kwenye duara za plaiwudi na kuzikaza kwa skrubu. PVC ni duara safi na ni laini, usiipige msasa. Kila sikio linakalia vipande viwili vidogo vya plastiki vilivyopigiliwa kwenye mbavu za sanduku, vikiachana kwa nyuzi kama 60 hadi 70 ukipima kutoka katikati ya sikio. Ukivitandaza mbali zaidi msuguano unazidi, ukivisogeza karibu unapungua. Hapo ndipo unaporekebisha utamu wa mwendo. Plastiki bora ni Teflon, kwa sababu nguvu ya kuanzisha mwendo na nguvu ya kuuendeleza karibu zinalingana, hivyo bomba haling'ang'anii kisha likaruka. Usipoipata, nunua ule ubao mweupe wa plastiki wa kukatia mboga na ukate vipande. Unafaa. Usidanganyike kuweka beringi za gololi za chuma. Zinateleza mno, na upepo wa paani utakusukumia darubini.

Kabla ya kukata chochote, tafuta mahali bomba linapolingana. Liweke kamili, pamoja na kioo, lenzi ya kutazamia na kile kidarubini kidogo cha kulengea, ulilaze juu ya mpini wa ufagio, ulisogeze mpaka lisielemee upande wowote. Tia alama. Katikati ya masikio ni hapo, wala si katikati ya bomba. Utaona panaangukia karibu na mwisho wenye kioo. Halafu pima kutoka alama hiyo hadi kwenye kona ya mkia wa bomba, si katikati ya mkia, maana kona ndiyo inayofagia mbali zaidi bomba linapozunguka. Ongeza sentimita 3. Huo ndio urefu kutoka sakafu ya sanduku hadi katikati ya masikio.

Sanduku ni sakafu, mbavu mbili na ubao wa mbele. Nyuma acha wazi. Usiuondoe ubao wa mbele ukidhani ni pambo, huo ndio unaozuia mbavu zisiyumbe. Plaiwudi iwe ya milimita 18. Zangu nilikatiwa soko la Gikomba, hapa Nairobi: unampa fundi vipimo kwenye karatasi, anakupitishia kwa mashine hapo hapo. MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, iache, hasa kwa unyevu wa huko pwani, itavimba. Uliza plaiwudi ya baharini, mafundi wa mashua wanaijua, kisha uipake vanishi hadi kwenye kingo.

Chini ya sanduku kuna ubao wa pili wenye miguu mitatu, ukishikana na sanduku kwa bolti moja ya katikati. Mitatu kama mafiga, haichezi hata sakafu ikiwa na mashimo. Juu ya kila mguu, sawasawa juu yake, weka kipande cha plastiki, na chini ya sanduku gundisha fomaika, lile bamba jembamba gumu la kufunikia mbao. Wanaotengeneza kabati za jikoni huwa na mabaki yake. Nati ya bolti usiikaze sana.

Ukimaliza, lenga nyota, ugonge bomba kwa kidole. Mtetemo ukifa ndani ya sekunde moja au mbili, kazi imekubali.

Liko jambo moja la kuvumilia. Kitu kikiwa utosini kabisa, kusukuma bomba kando hakulipeleki popote, na kwetu Orion hupita hapohapo. Katikati ya mwezi huu nyota ya kati ya mshipi iko juu ya vichwa vyetu saa mbili na nusu usiku. Itazame saa moja kabla ama saa moja baada yake, ikiwa nyuzi 15 mbali na utosi, nayo nebula yake, lile wingu la gesi linalong'aa, utaiona vizuri mno.

Nitumie vitu vitatu: kipenyo cha nje cha bomba, urefu kutoka alama ya mlingano hadi mkiani, na uzito wake lote likiwa limevaa. Ukiona tabu kupata fundi, nitakukatia mbao hukuhuku na kukutumia kwa basi zikiwa zimelazwa bapa, skrubu utakaza mwenyewe. Ila pima kwa futi kamba ya chuma, ile ya fundi cherehani huvutika.

Wasalaam,
rafiki yako wa Nairobi