Barua kwa mpwa wangu: weupe wa pe na usingizi wa fofofo

Mpwa wangu mpenzi,

Baada ya salamu na dua, nimeisoma insha yako juu ya kivuko cha Likoni usiku wa mvua, nami nimefurahi kuona jinsi unavyoyatazama mambo ya kwetu kwa makini. Liko jambo moja tu nisiloweza kulinyamazia, nalo ni neno "sana". Kwako feri imejaa sana, giza ni kubwa sana, abiria wamelowa sana, na mtoto aliye mgongoni mwa mamake amelala sana. Hali zote hizo zina vielezi vyake tangu zamani: feri hujaa pomoni, giza huwa totoro, mtu hulowa chepechepe, na mtoto hulala fofofo.

Usidhani kuwa haya ni mapambo ya insha. "Sana" hupima kiasi, ilhali vielezi hivi, ambavyo wanasarufi huviita viigizi, hueleza kuwa jambo limefika ukomo wake. Mtoto aliyelala sana ni aliyelala muda mrefu, na huenda alishtukashtuka njiani. Aliyelala fofofo ni yule ambaye honi inalia, lango la chuma linashushwa kwa kishindo, watu wanasukumana kuteremka, naye hapepesi hata ukope. Ndiyo maana fofofo huandamana pia na kufa, mahali ambapo "sana" haina nafasi hata kidogo.

Itazame kanzu ya Idi ikianikwa uani kule Mji wa Kale, imekwisha kutiwa buluu na kusuuzwa. Ukisema ni nyeupe sana, jirani anaweza kukujibu kuwa yake ni nyeupe zaidi. Ukisema ni nyeupe pe, umemaliza maneno, kwa kuwa hakuna "pe zaidi": umeikagua shingoni, kwapani na kwenye pindo, na hukuona doa.

Kila kielezi cha namna hii kina mwenziwe. Pe ni ya weupe, ti ni ya weusi, ji ni ya kimya, na ukivibadilisha sikio hukataa papo hapo. Havijui ngeli wala viambishi vyake: kanzu nyeupe pe, kitambaa cheupe pe, mawingu meupe pe. Hufuata nyuma ya neno vinaloeleza, na ni nadra kukanushwa; "hakulala fofofo" ni kauli ya mtu anayembishia mwenzake, si ya msimulizi. Katika mazungumzo sauti huvikazia, au huvirudia vikawa pepepe na tititi, na kwa sababu hiyo hiyo mwandishi anapaswa kuvitumia kwa kiasi, kwani vitatu katika sentensi moja huzibana sauti.

Basi irudie insha yako. Pomoni iweke kwenye feri na fofofo kwa mtoto, kisha giza na mvua uchague kimoja cha kukipa kielezi chake, kingine ukieleze kwa vitendo. Pale ulipoandika kwamba nauli ya matatu imepanda sana, usiguse kitu. Nauli haijafika ukomo wake, na "sana" hapo imekaa mahali pake hasa.

Wako akupendaye,
Mjomba