Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: Umma Party ilikuwepo

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima wa afya. Kama barua zangu za mwanzo zilikufika, basi hii iwekwe juu yake.

Wiki iliyopita mjukuu wangu karudi na karatasi ya mtihani wa historia. Swali: taja vyama vya siasa vya Zanzibar mwaka 1963. Kaandika Afro-Shirazi, Hizbu (ZNP), ZPPP (chama cha watu wa Unguja na Pemba) na Umma. Hicho cha nne kimekatwa kwa wino mwekundu, pembeni pameandikwa "hakipo". Mwalimu simlaumu, kafuata kitabu mlichompa.

Mheshimiwa, chama kisichokuwepo kilipigwaje marufuku? Abdulrahman Babu, Katibu Mkuu wa Hizbu, alijitoa huko katikati ya 1963, Mwingereza bado yupo, akaunda Umma Party. Mwaka hakikumaliza. Mwanzoni mwa Januari 1964 serikali ya Hizbu na ZPPP, ambayo uhuru wenyewe iliupata Disemba 10 tu, ikakifungia. Siku chache baadaye, Mapinduzi ya Januari 12. Hiyo mnaijua, kila mwaka mnaikalia jukwaani. Makomredi, yaani watu wa Umma, walikuwemo. Babu akawa waziri wa mambo ya nje, na muda si mrefu Umma ikajivunja, ikaingia Afro-Shirazi, mzazi wa chama chako.

Marehemu baba alikuwa mmoja wao. Hakuwa mkubwa, mbandika matangazo tu. Alipouawa Mzee Karume mwaka 1972, baba alikamatwa pamoja na wenziwe. Mama akabaki na karai la mandazi, sisi skuli tukiitwa watoto wa wahaini. Alipotoka, kazi hana, kiinua mgongo hana, na kosa lake hakuambiwa mpaka anaingia kaburini. Kumbe kwenye kukamatwa Umma ilikuwepo!

Labda jina la Babu bado linawakera, ingawa alishafariki 1996. Labda kamati ni wavivu. Nahisi tu. Lakini ahadi yako ukumbini sikuihisi, niliisikia: "toleo lijalo". Toleo limekuja, jalada linang'aa, picha yako imo.

Fidia siombi. Barabara ya jina la baba siombi. Naomba sentensi moja kitabuni, kwamba Umma Party iliundwa, ikafungiwa, ikaingia Afro-Shirazi. Moja tu, Mheshimiwa. Kama kamati haina wa kuiandika, nitaiandika mimi bure na kuileta ofisini mwenyewe, almuradi safari hii niruhusiwe kupita getini.

Wako mtiifu,
Mtoto wa komredi,
Ng'ambo, Unguja