Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Hojaji ya Kujifunza Maishani kwa Kituruki

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita ulituagiza tuiandae hojaji ya kujifunza maishani, yaani kuendelea kujifunza maisha yote, iliyotungwa kwa Kiingereza, iwafae wanafunzi wa vyuo vikuu wanaozungumza Kituruki. Wengi wetu tunasoma au kufundisha hapa Uturuki, na kazi hii inatuhusu moja kwa moja.

Ruhusa ya watunzi tuliipata mapema. Watafsiri wawili walifanya kazi kila mmoja peke yake, mwingine ambaye hakuwahi kuiona hojaji ya awali akairudisha kwa Kiingereza, kisha jopo likapatanisha tofauti.

Kilichotuchukulia muda ni kukaa na wanafunzi na kuwaomba waeleze kwa sauti wanavyoielewa kila kauli. Kauli ya kujifunza nje ya masomo ya chuo wengi waliikubali, lakini walipoeleza, walimaanisha maandalizi ya KPSS, mtihani wa kuomba ajira serikalini. Jopo lilibishana sana. Mimi naamini anayekesha kwa ajili ya ajira naye anajifunza, ila hojaji haina budi kumtofautisha na anayesoma kwa hiari hata pasipo mtihani. Kwa idhini ya watunzi, tumeigawa kauli hiyo ikawa kauli mbili.

Kauli za ukanushi nazo zilisumbua. Sisi tukisema “sipendi”, ukanushi unasikika mwanzoni kabisa. Kituruki huuficha katikati ya kitenzi: seviyorum ni napenda, sevmiyorum ni sipendi. Anayesoma haraka huipita ile herufi moja. Tumezipunguza kauli hizo.

Baadhi yenu mmeniuliza iko wapi alfa ya Cronbach, kipimo cha takwimu kinachotumika kwa hojaji. Alfa huonyesha kama kauli zinakwenda pamoja. Haisemi zinapima nini. Wanafunzi wote wakizielewa vibaya kwa namna ileile, alfa bado inaweza kuwa juu. Ndiyo maana sikukubali tuharakishe.

Tukipata kibali cha kamati ya maadili, mwaka ujao tutakusanya majibu kutoka kwa makundi mawili: moja la kuchunguza muundo wa hojaji, jingine la kuuthibitisha. Tusiishie Istanbul na Ankara. Erzurum na Konya ziwemo, pamoja na wanafunzi wa elimu ya masafa wa Chuo Kikuu cha Anadolu, Eskişehir, ambako wamo watu wazima wenye kazi na familia. Hao wana mengi ya kutufundisha kuhusu jambo tunalolipima.

Mhazini atasoma hesabu baada yangu. Mnaoishi katika miji hiyo na mnaoweza kusimamia ukusanyaji, mpeni katibu majina yenu kabla mkutano haujafungwa.