Wastani utakudanganya

Mpendwa Zawadi,

Salamu nyingi. Mpango wako wa majaribio ya simu za sauti kwenye mtandao nimeusoma wote. Umepangika, ila jedwali la matokeo lina safu moja tu ya ucheleweshaji, nayo ni ya wastani. Ifute kabla hujapima chochote.

Kwenye mazungumzo ya papo kwa papo, pakiti iliyochelewa ni sawa na iliyopotea, kwa sababu spika haisubiri. Chukua G.711, kodeki (kanuni ya kugeuza sauti kuwa data) ya simu: sampuli 8,000 kwa sekunde, kila moja biti 8, na kwa kawaida milisekunde 20 za sauti huingia kwenye pakiti moja. Hizo ni baiti 160. Ongeza vichwa, yaani maelezo ya kusafirishia ambayo kila itifaki huyatanguliza: RTP inayobeba sauti (12), UDP (8) na IPv4 (20), unapata baiti 200. Kwa pakiti 50 kila sekunde, unatuma kilobiti 80 kwa sekunde, si zile 64 zinazotajwa kila mahali, na hapo Ethernet hujaihesabu. Mpokeaji naye lazima awe na kipande kipya kila milisekunde 20. Kama bafa yake, hifadhi ya muda inayosubirisha pakiti kabla ya kuchezwa, inashikilia milisekunde 60, pakiti iliyochelewa milisekunde 65 kuliko zile za haraka inatupwa ingawa imefika salama. Wastani wa milisekunde 40 hautakuonyesha hilo hata kidogo. Andika asilimia ya 95 na ya 99, yaani ucheleweshaji ambao pakiti 95 au 99 kati ya 100 haziuzidi, na pakiti zilizotupwa kwa kuchelewa zihesabu mbali na zilizopotea njiani.

Utashawishika kukuza bafa. Sawa, lakini pendekezo la G.114 la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linataka ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 ili mazungumzo yaende vizuri, na 400 ndiyo kikomo cha kupanga mtandao. Kutoka kwenye 150 hizo toa 20 za kujaza pakiti, toa bafa, toa kadi za sauti za pande zote mbili. Kinachobaki ndicho cha mtandao. Ukizidisha, watu wanaanza kukatizana maneno.

Kipimo cha kuyumba kwa ucheleweshaji (jitter) kinachokuja kwenye ripoti za RTCP, itifaki inayotoa taarifa za hali ya RTP, kina mitego miwili. Kwanza, hakiko katika milisekunde bali katika vizio vya saa ya RTP: kwa G.711 gawanya kwa 8, kwa kodeki ya Opus gawanya kwa 48, kwa video kwa kawaida 90. Pili, kimelainishwa. Kila tofauti mpya inaingizwa kwa sehemu yake ya 1/16 tu, hivyo mruko wa milisekunde 200 unakipandisha kutoka sifuri hadi 12.5. Msikilizaji amesikia sauti ikikatika, wewe unasoma 12.5 na kusema mtandao ni mzuri!

Sasa netem, zana ya Linux ya kuiga mtandao mbovu. Umeandika `delay 80ms 20ms`. Hapo kila pakiti inapangiwa muda wake kivyake, na kwa kuwa zinapishana milisekunde 20 tu, ya nyuma itaipita ya mbele. Foleni ya ruta kwa kawaida haifanyi hivyo. Utakuwa unapima vurugu uliyoitengeneza mwenyewe. Afadhali utengeneze foleni halisi: bana kiungo kiwe megabiti 1 kwa sekunde, kisha pitisha upakuaji wa faili kubwa kwa TCP pembeni ya simu. Ruta yenye bafa ya kilobaiti 250 ikijaa kwenye kiungo hicho, pakiti ya sauti inakaa foleni sekunde 2 nzima. Hapo hakuna kodeki ya kukuokoa. Rudia jaribio hilohilo ukiwa na fq_codel, kipanga foleni kinachozuia foleni isirefuke, uone tofauti.

Upotevu nao usiuweke wa nasibu tupu. Kinga ya Opus dhidi ya upotevu hubeba nakala hafifu ya kipande kilichotangulia ndani ya pakiti inayofuata: ikipotea moja unapona, zikipotea mbili mfululizo ile ya kwanza imekwenda. `loss 2%` husambaza hasara moja moja, kwa hiyo itaisifia Opus kupita kiasi. Tumia `gemodel`, ambayo hupoteza pakiti kwa mafungu.

Kupima ucheleweshaji wa upande mmoja kunataka mtumaji na mpokeaji wasome saa ileile. Kugawa muda wa kwenda na kurudi kwa 2 ni kubahatisha pale njia mbili zisipolingana. Weka mtumaji na mpokeaji kwenye kompyuta moja yenye kadi mbili za mtandao, kila kadi kwenye nafasi yake ya mtandao (network namespace). Usipozitenga, Linux itapitisha pakiti ndani kwa ndani bila kugusa waya. Mashine ya netem ikae katikati.

Na simu ziache zidumu saa nzima, si dakika mbili. Saa za kadi mbili za sauti zikipishana sehemu 50 kwa milioni, baada ya saa moja zimeachana milisekunde 180, na bafa imejaa au imekauka bila mtandao kukosea lolote.

Ukishanasa simu ya kwanza kwa Wireshark, programu ya kurekodi pakiti, nitumie faili lenyewe, si picha ya grafu.

Rafiki yako,
Hamisi